Programu ya kugonga milango: misimu minne Omaha, na swali la nani anauzika

Nyota tatu kati ya tano. Ningeipa nne kama ningetazama kazi ya simu peke yake, lakini nimeitumia muda mrefu mno, siwezi tena kuitenga na jambo lililonifanya niipakue.

Ni programu ya simu inayowaongoza watu wa kujitolea wa kampeni nyumba kwa nyumba kuomba kura. Nimekuwa nayo kwa misimu minne ya uchaguzi, 2018, 2020, 2022 na 2024, katika eneobunge la pili la Nebraska, yaani jiji la Omaha na vitongoji vyake. Nimeishika kwenye jua la Agosti mpaka simu ikazimika kwa joto. Nimeishika mwisho wa Oktoba vidole vimekufa ganzi na kioo hakisikii mguso. Nimezunguka nayo kwa niaba ya wagombea wa Democratic wa mrengo wa kushoto, na nimezunguka nayo kwa niaba ya wale wa mrengo wa kati ambao vigogo wa chama husema ndio wanaouzika, yaani wanaoweza kushinda uchaguzi mkuu. Wagombea wa Bunge la Marekani, wa bunge la jimbo, hata wa baraza la jiji. Mimi ni wa Mombasa kwa kuzaliwa, kazi yangu hapa ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, uraia niliupata 2016. Kubisha hodi kwangu si jambo geni.

Naandika kwa sababu Waswahili tulioko huku tunaulizana sana siku hizi tujitolee wapi, kwa mgombea gani, na kwa chombo gani. Programu zenyewe hazitofautiani sana. Hii tuliyopewa sisi jina lake nitaliacha, kwa kuwa nitakayoyalalamikia nadhani yamo kwenye zote.

Kwa asiyeijua: unafika asubuhi kwenye ofisi ya kampeni, mara nyingi ni sebule ya mtu au chumba cha nyuma cha duka lililofungwa, mratibu anakupa namba ya orodha. Unaiandika kwenye simu, ramani inafunguka, vitone vimejipanga mtaani. Kila kitone ni nyumba. Ukigusa kimoja unapata majina ya wapiga kura waliomo, umri wao, jinsia, na chama walichojiandikisha. Nebraska mtu hujiandikisha kwa chama, au hujiandikisha asiye na chama. Unagonga. Akifungua, unasoma maneno uliyoandikiwa, au unasema ya kwako kama mimi, halafu unabofya alama kutoka moja hadi tano. Moja ni mtu wetu kabisa. Tano ni mtu wao kabisa. Tatu hajaamua. Asipofungua unabofya "hayupo", unaacha kipeperushi, unaendelea. Nyumba arobaini au hamsini kwa zamu moja, wanaofungua huwa kumi, kumi na wawili siku njema.

Hapo ndipo inapostahili sifa. Ramani yake ni ya kuaminika. Inakupanga upande mmoja wa barabara kwanza, namba shufwa, kisha inakuvusha upande wa namba witiri, hukatizi barabara kama kuku. Ikikosa mtandao inahifadhi majibu na kuyatuma baadaye. Nimewahi kupita saa nzima bila mtandao huko Elkhorn na halikupotea jibu hata moja. Herufi zinakuzwa, na hilo ni muhimu kwa sababu wengi wanaojitolea ni wastaafu. Lugha zilikuwa Kiingereza na Kihispania tu. Kiswahili hakimo, na katika jiji lenye Wakongo na Wasudani Kusini kwa maelfu naona hilo ni pengo.

Inakula chaji sana. Orodha nazo huchacha: nimegonga nyumba ya marehemu mara tatu, mara moja mjane ndiye aliyefungua, nikasimama pale na jina la mumewe likiwaka mkononi mwangu. Nilimpa pole, nikabofya palipoandikwa amefariki, na msimu uliofuata jina lilirudi. Hilo halisameheki.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi ni kitufe ambacho hakipo.

Oktoba 2018, Millard, magharibi mwa Omaha. Mzee wa kama miaka sabini, kofia ya Jeshi la Anga, anafagia majani. Programu inasema asiye na chama. Tuliongea karibu dakika ishirini. Aliniambia binti yake anafanya kazi mbili na hana bima ya afya, kwamba jimbo lingepaswa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kwamba atapigia kura ya ndiyo pendekezo lililokuwamo kwenye karatasi ya kura mwaka ule. Alisema kampuni za dawa zinamkamua. Nikamtajia mgombea wetu, Kara Eastman, ambaye alikuwa akisema yayo hayo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Akaegemea fagio lake akanitazama kwa upole. "Yule ni wa kushoto mno kwangu," akasema. Nikabofya nne. Simu ikanipeleka nyumba inayofuata.

Ile nne ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Mtu yule alikuwa wetu kwa kila alilolitaka na wao kwa jina. Hakuna mahali pa kuandika hivyo. Na nadhani mabishano yote ya Wademocrat, kama mgombea wa kushoto anauzika kuliko wa kati au kinyume chake, yamekaa ndani ya kitufe hicho kilichokosekana.

Nieleze historia ya hapa kidogo, maana wengi husikia habari za New York tu. Kiti cha eneobunge hili katika Bunge la Marekani 2014 alikitwaa Brad Ashford, Mdemocrat wa kati hasa, mtu aliyewahi kuwa Republican. 2016, akiwa ndiye mbunge aliyeko kitini, akapokonywa na Don Bacon wa Republican kwa tofauti ya asilimia moja na kitu. 2018 Ashford akarudi kwenye mchujo, uchaguzi wa ndani wa chama, na uongozi wa chama Washington ulimtaka yeye. Lakini aliyeshinda ni Kara Eastman, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, aliyekuwa akiongoza shirika la kuwakinga watoto na sumu za majumbani. Anayeijua Omaha anajua uzito wa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya mashariki mwa jiji udongo wake ulichafuliwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia madini. Eastman alitaka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu. Wachambuzi wakasema kiti kimekwenda, hauziki.

Novemba akashindwa kwa asilimia 2, karibu kura 5,000. 2020 akagombea tena, akashindwa kwa asilimia 4 na nusu hivi. Chama kikageukia njia ya pili. Tony Vargas, seneta wa bunge la jimbo, mtulivu, mtu wa bajeti na mapatano. 2022 akashindwa kwa asilimia 2 na nusu hivi. 2024 akagombea tena, akashindwa kwa chini ya 2. Ashford, Eastman, Eastman, Vargas, Vargas. Mara tano mfululizo, mirengo yote miwili, na Bacon bado mbunge.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwa uhakika kwamba wa kati ndiye anayeuzika, namwonyesha 2016, 2022 na 2024. Akiniambia wa kushoto ndiye, namwonyesha 2018 na 2020. Tofauti kati ya matokeo yao ni ndogo kuliko makosa ya orodha ninazopewa kwenye simu.

Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya hesabu hiyo, kwa sababu ina upande unaouma. Mwaka 2020 Joe Biden alishinda katika eneobunge hili hili kwa zaidi ya asilimia 6. Nebraska haitoi kura zote za wajumbe wa urais kwa mshindi mmoja, hugawa nyingine kwa maeneobunge, ndiyo maana dunia nzima ilitujua. Maana yake ni kwamba kulikuwa na maelfu ya watu waliompigia Biden juu ya karatasi, wakashuka mistari michache, wakampigia Bacon. Ashford mwenyewe alimuunga mkono Bacon mwaka ule. 2024 Kamala Harris alishinda hapa kwa asilimia 4 na ushei, Vargas akaanguka chini yake vilevile, lakini pengo lake na mgombea urais wake lilikuwa dogo kuliko la Eastman. Mimi ni wa kushoto. Nimempigia Eastman kura kwa moyo wote. Na naliona pengo lile.

Nina la kusema kuhusu 2020 kabla halijahesabiwa lote juu ya mrengo. Mwaka ule korona ilitutoa mitaani. Sisi Wademocrat tulikaa ndani tukipiga simu mpaka Oktoba, wenzetu wa Republican walikuwa barazani kwa watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikihudumia wazee wawili wenye mapafu mabovu, nisingeweza kugonga hata kama ningeruhusiwa. Programu ilibadilishwa ikawa orodha ya namba za simu. Kati ya watu mia, wanaopokea ni wachache mno. Mzee wa kofia ya Jeshi la Anga humpigii simu ukazungumza naye dakika ishirini kuhusu binti yake.

Wapo waliolipima suala hili kwa utaratibu kuliko mimi. Andrew Hall wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa utafiti 2015 juu ya chaguzi za Baraza la Wawakilishi kuanzia 1980 hadi 2010, akitazama michujo iliyoamuliwa kwa kura chache. Pale mgombea wa pembeni, mwenye msimamo mkali, alipomshinda wa kati kwa chupuchupu, chama kilipoteza wastani wa asilimia 9 hadi 13 ya kura kwenye uchaguzi mkuu. Ni adhabu kubwa. Baadaye, 2018, yeye na Daniel Thompson wakaonyesha inatoka wapi: si kwamba wale wasio na msimamo wanakimbia, zaidi ni kwamba mgombea wa pembeni anawaamsha wapinzani wake wakajitokeza kwa wingi. Nilipoisoma hiyo nilikumbuka mtaa mmoja wa kitongoji cha Papillion ambako sikuwa nimetumwa hata nyumba moja, na bado mabango ya Bacon yalikuwa kila uwanja.

Na kuna wengine wawili, Joshua Kalla na David Broockman, ambao 2018 walichapisha mkusanyo wa majaribio 49 ya kampeni wakakuta kwamba kumshawishi mtu abadili mgombea wakati wa uchaguzi mkuu, kwa kugonga mlango au kwa tangazo, makadirio bora ya athari yake ni sifuri. Hilo linawahusu moja kwa moja wanaotengeneza programu hizi. Kinachofanya kazi, na hili limejulikana tangu Alan Gerber na Donald Green wafanye jaribio lao New Haven 1998, ni kumfanya mtu ambaye tayari ni wako atoke nyumbani akapige kura. Mtu akikujia ana kwa ana, unatoka. Simu za kukodi hazifanyi hivyo.

Basi orodha ni kila kitu, na hapa ndipo nyota zangu mbili zilipokwenda.

Mratibu mmoja aliwahi kunionyesha kwenye kompyuta yake kinachokuwa nyuma ya vitone. Kila mpiga kura ana alama za siri tusizoziona sisi wa mitaani: uwezekano wa kujitokeza, kutoka sifuri hadi mia, na uwezekano wa kuwa wetu, sifuri hadi mia. Kampeni inachagua inawataka wepi. Ukiamini ushindi uko kwa watu wa kati, unachuja wanaopiga kura kila mwaka na ambao upande wao haujulikani, na vitone vinahamia Millard, Elkhorn, Papillion. Ukiamini ushindi uko kwa waliokata tamaa, unachuja wenye alama ndogo ya kujitokeza, vinahamia kaskazini mwa Omaha na kusini, karibu na mtaa wa 24. Nimefanya kazi kwa kampeni za aina zote mbili, na ningeweza kukuambia falsafa ya mgombea kwa kutazama ramani ya zamu yangu tu, kabla sijasikia hotuba yake hata moja.

Msimu mmoja, wa nani sitasema, nilifungua orodha yangu nikakuta imepita mtaa ninaoishi. Nikafurahi, nitagonga kwa majirani. Nyumba ya mbele ya barabara ilikuwamo. Kituo cha mafuta, kisha nyumba mbili za familia moja moja, zimo. Jengo letu la vyumba, halimo hata kwa kitone kimoja. Nilidhani ni hitilafu ya ramani, nikafunga nikafungua upya. Nikampigia mratibu. Akaangalia, akasema kwa adabu kwamba watu wa jengo lile hawana historia ya kupiga kura, kwa hiyo mashine imewaweka chini ya kiwango.

Hawana historia kwa sababu wameupata uraia juzi. Ghorofa ya pili wapo Wakongo waliotoka kambini Tanzania, mama na watoto wake wakubwa watatu, wote wameapishwa mwaka uliotangulia, wote wamejiandikisha. Jioni ile nilizima simu nikapanda ngazi. Mama alinikaribisha chai, akachukua kipeperushi akakigeuza pande zote mbili. "Dada," akaniambia, "tangu nipate karatasi, weye ndiye wa kwanza kunigongea kwa mambo ya kura." Ninaishi chini yake miaka mitatu. Kwa programu, yule mama alikuwa hayupo duniani.

Sasa mtu akishindwa kwa asilimia mbili na majengo kama letu yameachwa, halafu tukaambiwa "mnaona, wa kushoto hauziki" au "mnaona, wa kati hana mvuto", mimi nabaki kujiuliza: ameuzwa kwa nani?

Jambo lililonishangaza kuliko yote sikulipata kwenye programu. Nililipata kwenye matokeo ya jimbo. 2018, mwaka Eastman aliposhindwa mara ya kwanza, Nebraska nzima, jimbo la Republican tangu enzi, ilipitisha upanuzi wa Medicaid kwa karibu asilimia 54. Kura ya yule mzee wa fagio imo humo, naamini. 2020, mwaka aliposhindwa mara ya pili, wananchi waliweka kikomo cha asilimia 36 kwa riba ya mwaka ya mikopo ile ya kausha damu. Waliosema ndiyo walizidi asilimia 80. 2022 Vargas anashindwa, na kwenye karatasi hiyo hiyo kima cha chini cha mshahara kinapandishwa kutoka dola 9 hadi kufikia dola 15 ifikapo 2026. Asilimia 58 hivi. 2024 Vargas anashindwa tena, na karibu robo tatu ya wapiga kura wanapitisha likizo ya ugonjwa yenye malipo. Misimu minne, mara nne mgombea wetu ameanguka, na kila mara jambo la mrengo wa kushoto limepita kwa wingi bila jina la chama pembeni yake.

Sijui mtu anawezaje kuyatazama hayo na kuendelea kusema tatizo ni sera. Nawahudumia wazee wa Republican wanaoniambia wazi kwamba ile ya likizo ya ugonjwa waliipigia kwa ajili yangu, kwa kuwa nilipokuwa na homa nilikuja kazini hivyo hivyo nikiwa na barakoa mbili. Walinipigia mimi kura. Mgombea aliyeisimamia hawakumpigia.

Na ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba mtu wa kati anauzika, kwa uaminifu wangu wote, hautoki chama changu. Ni Don Bacon mwenyewe. Brigedia jenerali mstaafu wa Jeshi la Anga, aliyewahi kuwa kamanda kituo cha Offutt hapo jirani, mmoja wa Warepublican 13 wa Baraza la Wawakilishi walioipigia kura ya ndiyo sheria ya miundombinu ya Biden 2021. Mlangoni kwa mlangoni niliambiwa, "Simpendi Trump, lakini Bacon ni mtu wa maana." Ukimweka Vargas mbele ya Bacon unaweka mpole mbele ya mpole aliyezoeleka, na aliyezoeleka anashinda. Ukimweka Eastman unampa Bacon nafasi ya kuonekana ndiye wa kati. Sioni nani angemng'oa. Ametangaza hatagombea 2026, na kwa hilo pekee hesabu zote za nyuma zinapungua thamani.

Kuna mmoja tu ambaye programu yetu haikujua imweke wapi. Dan Osborn, fundi mitambo, aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa kiwanda cha Kellogg's hapa Omaha 2021. 2024 aligombea useneta bila chama, akazungumzia mishahara, vyama vya wafanyakazi, na haki ya mtu kutengeneza trekta lake mwenyewe bila kumrudia aliyemuuzia. Trump aliichukua Nebraska kwa asilimia 20. Osborn alishindwa na seneta wa Republican, Deb Fischer, kwa chini ya 7. Huwezi kumwita wa kati, maana vigogo hawakumtengeneza, na huwezi kumwita wa kushoto kwa jumla, maana kuhusu mpaka wa nchi alizungumza kama jirani yake wa Republican. Lakini katika pesa alisimama upande wa mfanyakazi bila kupepesa. Mzee yule wa Millard angemfungulia. Naona hapo ndipo pa kutazama, na sikupata kuona kampeni nyingine iliyofika mbali vile kwenye jimbo hili.

Novemba 2025 simu yangu ilijaa. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, mjamaa, amechaguliwa kuwa meya wa New York. Kila kundi nililomo wanatuma picha yake, ndugu zangu wa Mombasa wananiandikia kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda. Nilifurahi, sana. Aligonga milango kwa jeshi la watu wa kujitolea, alizungumzia kodi ya nyumba na nauli ya basi, akamwangusha Andrew Cuomo, gavana wa zamani, kwenye mchujo na tena kwenye uchaguzi mkuu. Lakini niliwajibu vilevile kwamba usiku ule ule Abigail Spanberger alishinda ugavana wa Virginia na Mikie Sherrill wa New Jersey, wote wawili wa mrengo wa kati, wote kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 10. Na New York ni jiji ambalo Harris alipata zaidi ya theluthi mbili ya kura. Mamdani hakuhitaji kufunguliwa mlango Papillion. Walichofanana wote watatu ni kwamba walizungumza kuhusu bei za vitu mpaka watu wakachoka kuwasikia.

Basi, kwa anayetaka kuipakua: ipakue. Kwa ramani na kuhifadhi majibu haina mfano. Beba chaji ya akiba, na pakua orodha kabla hujatoka kwenye mtandao wa ofisi. Usiiamini kuhusu marehemu. Tazama umri, na ukiona mtu wa miaka 97 anza na salamu ya jumla bila kutaja jina. Alama ya moja hadi tano ijaze, lakini pale kwenye nafasi ya maelezo andika mtu alichokisema kwa maneno yake. Wachache huyasoma, ila wapo. Muulize mratibu orodha imechujwa kwa vigezo gani kabla ya kukubali zamu. Ana jibu, na mara nyingi atafurahi kuulizwa. Na kama unaishi kwenye jengo la vyumba, tafuta namba yako mwenyewe kwenye ramani kwanza.

Mchujo wetu ni Mei 2026, kiti kiko wazi, bila mbunge anayekitetea, kwa mara ya kwanza tangu 1998, na wa kushoto na wa kati wameshaanza kuparurana. Nitakuwa na simu mkono mmoja kama kawaida. Mkono wa pili safari hii nina daftari la mistari, na ukurasa wake wa kwanza una namba za milango kumi na minane, yote ya jengo letu, kuanzia ghorofa ya pili.